Kabla Hujatuma Andiko la Maonyesho ya Sanaa Hadharani: Mambo ya Kuzingatia kwa Kyureta Chipukizi

Tangazo limetoka. Wanatafuta makyureta chipukizi, yaani wale wanaochagua kazi za sanaa na kuratibu maonyesho yake, wenye wazo la maonyesho ya sanaa kwenye bustani ya umma, uwanja wa wazi au njia ya waenda kwa miguu. Kuna fungu la fedha, kuna mshauri wa kukushika mkono, na jina lako litapanda kwenye bango. Moyo unadunda, najua. Ila kabla hujaanza kuandika, kaa kwanza nikuambie.

Soma tangazo lote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Wakisema maneno 500, yasizidi 500. Angalia wanamwita nani chipukizi: wako wanaopima kwa umri, wako wanaohesabu maonyesho uliyokwisha kuratibu, na wako wasiotaka mwanafunzi kabisa. Angalia pia ujira wako umewekwa wapi. Ukiwa umechanganywa na fedha za kutengenezea kazi za sanaa, ujue hutalipwa. Utaanza kujikata ujira mwenyewe ili msanii apate saruji, na utajiona mwungwana. Wasanii nao walipwe. "Watu watakuona" si malipo.

Kutosomea kyureta kusikutishe. Kozi zenyewe ni changa: ile ya kituo cha sanaa cha Magasin mjini Grenoble, Ufaransa, ilianza 1987, na ya kituo cha de Appel kule Amsterdam 1994. Waliotangulia walijifunza kwa kubeba masanduku na kugongelea misumari. Jopo linachotaka kuona ni kwamba uliwahi kuanza jambo ukalimaliza, hata kama lilikuwa picha nane kwenye korido.

Nenda kwenye eneo. Nenda asubuhi, nenda usiku, nenda siku ya mvua uone maji yanatuama wapi. Uliza ardhi ni ya nani, kisha uliza tena, maana mara nyingi sakafu ni ya huyu, nguzo za taa ni za yule, na bomba lililopita chini lina mwenyewe wa tatu. Kibali cha mmoja hakimfungi mwingine.

Na ongea na wanaopita hapo kila siku. Anayeingia jumba la sanaa amekuja kwa miguu yake. Huyu wa barabarani hakukuita. Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimika sanamu yake Tilted Arc katika Federal Plaza, New York: ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 na ushee, uliokata uwanja katikati, na wafanyakazi wa ofisi za pale wakawa wanauzunguka kila siku. Manung'uniko yakafika kwenye mashauri ya hadhara mwaka 1985. Waliosimama kuutetea walikuwa 122, waliotaka uondoke 58. Uliondoka hata hivyo: Machi 1989 ulikatwa vipande vitatu usiku. Serra alishikilia kwamba kazi ile ilitengenezwa kwa mahali pale, na kuihamisha ni kuiangamiza. Mimi namwelewa. Lakini namwelewa pia mtu aliyetaka tu kupita akale chakula chake cha mchana, na sioni kwa nini yeye aulizwe miaka minne baada ya kreni kuondoka.

Usijiulize kama watu watapanda juu ya kazi. Watapanda. Muulize mhandisi inahimili watu wangapi. Kule Münster, Ujerumani, kwenye maonyesho ya sanamu ya 1977, msanii Claes Oldenburg aliweka mipira mitatu ya zege, kila mmoja na kipenyo cha mita 3.5, karibu na ziwa. Wanafunzi wakaja kujaribu kuisukumia majini. Mipira ipo mpaka leo, na kilichoiokoa ni uzito wake. Yako je, ya mbao na turubai?

Upepo nao usiufanyie mzaha. Oktoba 1991 wasanii Christo na mkewe Jeanne-Claude walifungua miavuli 3,100 kwa wakati mmoja, mingine California, mingine Japani, kila mmoja na kimo cha mita 6 na uzito wa kilo 200 hivi. Upepo mkali uling'oa mmoja huko California, ukamuua mwanamke aliyekuwa amekuja kutazama. Maonyesho yakafungwa. Siku chache baadaye, wakiwa katika kuondoa ile ya Japani, mkono wa kreni ukagusa waya wa umeme na mfanyakazi akafa. Hawa walikuwa na wahandisi, na walikuwa na miaka mingi ya kazi za nje. Wewe una binamu mwenye mashine ya kuchomelea. Kata bima ya madhara kwa watu wengine, na usiikate wiki ya mwisho.

Umeona mfanyakazi yule alikufa wakati gani? Wakati wa kuondoa. Hapo ndipo na mimi nilipoungulia, ingawa namshukuru Mungu mimi ziliungua fedha tu.

Maonyesho yangu ya kwanza ya nje yalikuwa na kazi sita kwenye uwanja wa wazi, miezi mitatu. Bajeti niliipanga kwa ustadi hadi siku ya ufunguzi. Baada ya hapo kulikuwa na mstari mmoja, "kuondoa," na mbele yake kiasi nilichokikisia nikiwa na usingizi. Mkataba ulisema eneo lirudishwe katika hali liliyokuwa nayo. Nikasaini. Nani angebishana na sentensi ya adabu kama ile?

Kazi kubwa kuliko zote ilikaa juu ya zege tulilolimwaga wenyewe. Kulimwaga kulichukua asubuhi moja. Kulivunja kulichukua siku nne, kwa sababu kibali cha kelele kilituruhusu saa tatu tu kwa siku. Kreni iliyokuja kwa bei ya urafiki siku ya kusimika, siku ya kung'oa ilikuwa na kazi kwingine. Msanii mwenyewe alikuwa amesharudi kwao na simu haipokei. Wale vijana kumi wa kujitolea waliojaa siku ya ufunguzi wakibeba ngazi na kupiga picha, siku ile walikuja wawili, na mmoja alifuata koti lake.

Halafu akaja mkaguzi. Akatembea polepole, akainama, akahesabu mawe ya sakafu yaliyopasuka: kumi na manne. Nilijua kabisa kwamba mengi yake yalikuwa na nyufa kabla hatujafika. Moja niliwahi kujikwaa nalo siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Una picha?" Nilikuwa na picha zaidi ya mia za uwanja ule. Vivuli vya jioni, mawingu, watoto wakikimbiza njiwa. Hakuna hata moja iliyotazama chini.

Ujira wangu wote uliishia kwenye mawe, na bado nikamkopa dada. Ile kazi kubwa, kwa kuwa hakuna aliyeandika popote itakwenda wapi, ililala uani kwa dada huyo huyo mwaka mzima chini ya turubai, na shemeji akinitazama kila nilipokwenda kuwasalimia.

Kwa hiyo: kabla gari la kwanza halijaingia, piga picha za ardhi, kuta na nguzo, hatua kwa hatua, zenye tarehe. Mwenye eneo azitazame na asaini. Bajeti ianzie siku ya mwisho irudi nyuma; gharama ya kung'oa ikishajulikana, ndipo uanze kuota sanamu. Kodi kreni ya kuja na ya kurudi kwa mkataba mmoja. Kila kazi iwe na karatasi yake: nani anaichukua, lini, kwa gari la nani, na asipotokea inakuwaje. Msanii akiona unamkosea adabu kwa kuuliza hayo, vumilia.

Mfano mzuri ni ule msingi wa nne wa kusimamishia sanamu katika uwanja wa Trafalgar Square, London. Ulijengwa 1841 kubeba sanamu ya mfalme juu ya farasi, fedha zikaisha, ukakaa mtupu zaidi ya karne moja na nusu. (Kumbe hata wao.) Tangu 1999 kazi za wasanii wa leo zimekuwa zikipokezana juu yake, na kila inayopanda inajulikana itashuka.

Kama ni michoro ya ukutani, andikianeni kitakachotokea mwenye ukuta akitaka kupaka rangi. Mwenye jengo la 5Pointz, New York, lililojaa michoro ya wasanii, aliipaka chokaa usiku mmoja mwaka 2013. Mwaka 2018 mahakama ikaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75. Sheria iliyowakinga ni ya huko kwao, usiitegemee ulipo.

Mengine unayajua: maji ya kunywa kwa mafundi, taa za usiku, njia ya kiti cha magurudumu, akiba ya fedha usiyoigusa. Kibao cha maelezo kiwe cha kuoshwa, kwa sababu kitaandikwa matusi. Na namba ya simu utakayoweka kwenye kibao hicho isiwe yako binafsi. Mimi bado napigiwa, saa nane za usiku, na mtu anayetaka kujua ile sanamu ilikwenda wapi.