Homa, funza na kichocho kwa mwenye kisukari: namna ya kumhudumia tukiwa Kigoma

Mtu mwenye kisukari akianza kutetemeka kwa homa, mpeleke apimwe vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani malaria na sukari, kwa sababu jibu la kipimo kimoja bila la kingine linaweza kuwapoteza wanaomuuguza.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, seli nyeupe ambazo zingetakiwa kuwa za kwanza kupambana na vimelea huchelewa kufika, na hata zikifika hazina nguvu ya kutosha ya kuvimeza na kuviua. Wakati huohuo mwili hubaki na uvimbe wa chinichini usiokoma, yaani kinga iliyochochewa muda wote ndani ya mwili, si kuvimba kunakoonekana kwa macho, ambao hauponyi chochote bali huchakaza mishipa ya damu na kuifanya insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi vizuri. Utafiti uliofanyika Kumasi, Ghana, na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wenye kisukari cha aina ya pili walikutwa na vimelea vya malaria mara nyingi zaidi kuliko wasio nacho.

Homa yenyewe kwa kawaida hupandisha sukari, lakini malaria ikiwa kali huweza kuishusha ghafla, hasa mgonjwa asipokula huku akiendelea na dawa zake. Na akitibiwa kwa kwinini hatari huongezeka, kwa kuwa dawa hiyo huchochea kongosho kutoa insulini. Kwa hiyo mpime kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Mashine ikisoma chini ya 4 mmol/L na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu chochote, mkimbize hospitali. Anayetumia insulini asiiache kwa kuwa tu hana hamu ya kula, bali mhudumu wa afya ndiye atakayemwambia apunguze au aongeze kiasi gani. Anayetumia metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari, akitapika au kuharisha sana, aulize mapema kama aisimamishe kwa muda.

Miguu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nimemwona mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi akiwa na funza watatu chini ya kidole gumba, kila mmoja ni duara jeupe lenye kitone cheusi katikati, naye hakuwa amehisi hata mwasho, kwa kuwa kisukari kilikwisha kufisha hisia za nyayo zake. Kila jioni mkalishe kwenye mwanga, mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyojaribiwa kwa kiwiko chako, ikaushe hadi katikati ya vidole, kisha tazama nyayo na kingo za kucha. Ukikuta funza usimtoboe kwa pini wala mwiba, maana kidonda kidogo kwa mtu huyu huweza kufikia kukatwa mguu. Nenda naye zahanati. Viatu vya kufunika mguu humkinga pia na minyoo ya safura, ambayo hupenya kwenye ngozi kutoka udongoni.

Kuhusu ziwa, anayefua au kuoga kwenye maji yaliyotulia karibu na majani, wanamokaa konokono, apimwe kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtu, naye aimeze akiwa amekula.

Wapo wanaosema kwamba minyoo humsaidia mwenye kisukari. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa kuwa minyoo huishi kwa kuituliza kinga ya mwili, na utulivu huo huweza kupunguza ule uvimbe wa chinichini. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, watu waliokuwa na minyoo walipopewa dawa, insulini yao ilipungua nguvu kidogo. Hata hivyo safura hunyonya damu na kichocho huweza kuliachia ini makovu, kwa hiyo mtibu bila kusita. Baada ya dawa, mpime sukari kila asubuhi kabla hajala kwa wiki chache, na namba hizo ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki.