Kumpeleka Mtoto Mdogo Mahali pa Kihistoria: Kitu Kimoja Chatosha

Mtoto wa miaka mitano hajui miaka 200 ni nini. Anajua jana, anajua keshokutwa, anajua siku yake ya kuzaliwa, na ameambiwa kwamba bibi naye aliwahi kuwa mtoto, ingawa jambo hilo haliamini sana. Mzazi anayetaka kumpeleka mtoto wa umri huo kwenye ngome, magofu, nyumba ya kale au makumbusho ya karibu anapaswa kuanzia hapo, kwa kuwa ziara nyingi za namna hii huharibika pale mtoto anapochukuliwa kama mtu mzima mwenye kimo kifupi, anayehitaji maelezo yale yale yaliyopunguzwa urefu.

Nenda kwanza peke yako. Ikiwa haiwezekani, piga simu au muulize mtu aliyefika huko karibuni. Kagua choo kiko wapi, kivuli huangukia upande gani asubuhi, kisima cha zamani kimefunikwa au kimeachwa wazi, na kama ngazi zina mahali pa kushika. Kisha soma vibao vya maelezo, vyote, ili usilazimike kuvisoma siku ya safari. Hakuna kinachomchosha mtoto upesi kama kusimama juani huku mzazi akisoma kwa sauti aya tatu za majina ya watawala. Kuhusu siku ya kwenda, zipo tarehe mbili ambazo maeneo mengi huandaa shughuli za pekee: tarehe 18 Aprili, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Minara ya Kumbukumbu na Maeneo ya Kihistoria, na tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu mwaka 1977. Mimi hukwepa zote mbili ninapokuwa na watoto wadogo, kwa sababu watu huwa wengi na mtoto huishia kutazama migongo ya watu.

Baada ya ukaguzi, chagua kitu kimoja. Naam, kimoja: mlango, mzinga, kisima, jiko la kale, au jiwe la msingi lenye mwaka uliochongwa. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu makumbusho tulipita kila chumba, kwa kuwa nilikuwa nimelipa kiingilio na sikutaka fedha ipotee bure. Jioni nilipouliza wameona nini, mkubwa alinieleza habari za paka aliyelala chini ya mzinga, na mdogo hakuukumbuka hata huo mzinga.

Safari iliyofuata tulikaa kwenye ngazi. Ilikuwa ngazi ya mawe ya kawaida, iliyolika katikati kama inavyotokea kwa ngazi yoyote iliyopandwa kwa vizazi vingi. Nilikuwa nimebeba kamba. Mmoja akashika ncha moja ya kamba upande wa kushoto wa kidato, mwingine akashika ya pili upande wa kulia, wakaivuta ikanyooka, na hapo bonde la katikati likaonekana wazi. Vidole viwili vilipita chini ya kamba bila kuigusa. Niliwaambia kwamba zamani jiwe hili lilikuwa tambarare na sasa limelika, na mdogo akauliza swali ambalo nisingeweza kulitunga mwenyewe: "Nani kalila?" Tulitumia karibu nusu saa kumtafuta mlaji. Je, ni mvua? Mbona basi pembeni, ambako nako mvua hunyesha, jiwe ni zima? Mkubwa ndiye aliyeweka mguu wake kwenye bonde na kuona kwamba unakaa pale pale, kwa hiyo ni miguu ya watu, na kila mguu ulichukua chembe isiyoonekana. Wakaanza kuhesabu ni nani waliopanda: waliobeba maji, askari, wageni, watoto waliotumwa juu na chini. Hapo walikuwa wanafanya kazi ya mwanahistoria, yaani kuanza na alama iliyobaki na kurudi nyuma kwa aliyeiacha, na hakuna kibao kilichowafundisha.

Swali la aina hiyo huzaa jingine, nalo ni kama sisi pia tunaila ngazi. Usilikwepe, kwani ndilo linalomwelewesha mtoto sababu ya "usiguse" kuliko karipio lolote. Mweleze habari za pango la Lascaux lililoko Ufaransa, lenye michoro ya farasi na mafahali iliyochorwa maelfu ya miaka iliyopita. Vijana wanne waliligundua mwaka 1940, watu wakaja kwa wingi kulitazama, na mwaka 1963 likafungwa kwa umma, kwa sababu pumzi za wageni, joto la miili yao na taa zilikuwa zinaiharibu michoro hata bila mtu kuigusa. Tangu mwaka 1983 wageni huonyeshwa nakala iliyojengwa karibu na hapo. Mtoto aliyesikia hayo hupumua kwa tahadhari mbele ya ukuta wa kale, jambo ambalo huchekesha kidogo, lakini mikono yake hubaki mifukoni. Atauliza pia kwa nini baadhi ya vyumba vya makumbusho vina giza. Mwambie mwanga hupausha rangi za nguo na karatasi za kale, ndiyo maana taa huwekwa hafifu makusudi, aghalabu kwa kiwango cha lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga).

Ili kumpa mtoto kipimo cha miaka, tumia miguu yake. Tafuta uwanja au njia ndefu, msimame ukutani, kisha hatua moja ihesabiwe kuwa mwaka mmoja kurudi nyuma. Hatua ya tano, hapo alizaliwa yeye. Mwache aweke jani au kijiti. Mbele kidogo alizaliwa mama, na mbele zaidi bibi, ambaye akiwepo safarini asimame kwenye hatua yake. Kisha endeleeni hadi mwaka jengo lilipojengwa. Kama ni hatua 200, mtoto atageuka na kumwona bibi yake akiwa mdogo kule nyuma, na umbali huo ataukumbuka kwa uchovu wa miguu. Kwa magofu ya miaka 1,000 ni afadhali kamba yenye mafundo.

Sehemu ngumu ni pale mahali penyewe panapokuwa na huzuni: gereza, soko la watumwa, uwanja wa vita, makaburi. Wapo wazazi wanaosubiri mtoto akue, na wapo wanaogeuza habari kuwa hadithi tamu. Naona njia zote mbili zina hasara, maana mtoto husikia minong'ono ya wakubwa na kujaza mwenyewe kisichosemwa, mara nyingi kwa picha ya kutisha kuliko ukweli. Sema kweli kwa sentensi chache: watu walifungiwa hapa, hawakufanya kosa, ilikuwa dhuluma, na wapo waliopigania ikomeshwe. Kisha nyamaza umsubiri. Akiuliza, jibu kile alichouliza bila kuongeza. Akiomba kwenda kutazama ndege, mwache aende. Epuka vyumba vyenye pingu na picha za mateso kwa mtoto aliye chini ya umri wa kwenda shule, na mtembezaji akitaka kusimulia yote, mwombe kwa heshima awaeleze watu wazima kando.

Saa moja inatosha, na ni vyema kuondoka mtoto akiwa bado anataka kubaki. Nyumbani mpe karatasi achore kile kitu kimoja, bila kumsahihisha. Makosa ya mchoro hukuonyesha alichoelewa. Mwanangu mdogo alichora ngazi yenye meno. Andika tarehe nyuma ya karatasi na uihifadhi, kisha baada ya mwaka mrudi mahali pale pale mkiwa na mchoro na ile kamba. Ngazi itakuwa vile vile kwa macho yenu, ila mguu unaowekwa kwenye bonde utakuwa umekua, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuliona hilo.