Kumwandaa mgonjwa kuwekewa mpira wa dayalisisi ya tumbo bila usingizi mzito

Mimi ni muuguzi wa dayalisisi. Ile ya tumbo husafisha damu ya mtu ambaye figo zimeshindwa, kwa maji maalumu yanayoingizwa tumboni na kutolewa kupitia mpira, yaani mrija laini. Mgonjwa wa kuwekewa mpira akija, namwambia avae nguo zake za kila siku, na mkanda juu. Namkalisha, namsimamisha, ndipo naweka alama kwa kalamu isiyofutika, pale litakapokuwa tundu la kutokea mpira. Tundu lisiangukie kwenye mkanda wala kwenye mkunjo wa tumbo, na mwenyewe aweze kuliona. Ukiweka alama akiwa amelala umejidanganya: akisimama tu, tumbo linaifunika.

Halafu choo. Wengi wanaona haya kulizungumza. Mimi nauliza waziwazi. Utumbo uliojaa huisukuma ncha ya mpira ihame kutoka mahali pake chini ya tumbo, ndani ya nyonga, maji yakaingia vizuri yakagoma kutoka. Basi dawa ya kulainisha choo ianze tangu jana yake. Na akaribiapo kuingia, akojoe mpaka kibofu kiwe kitupu, kisije kikatobolewa na sindano.

Chakula mwisho muda wa saa 6 kabla ya kuingia, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Antibayotiki, mara nyingi sefazolini, iingie mshipani ndani ya saa 1 kabla ya ngozi kukatwa. Dawa za kuzuia damu kuganda ni za kuulizia mapema, si asubuhi ile. Aliyekwisha kupasuliwa tumbo mara kadhaa mara nyingi humfaa zaidi njia ya kamera ndogo inayoingizwa tumboni.

Mezani, midazolamu ya kutuliza na fentanili ya maumivu hutolewa kidogo kidogo huku oksijeni na mapigo vikiangaliwa, na ganzi ya lidokaini huchomwa pale pale. Asinzie, lakini akiitwa aitike. Tunamhitaji! Sindano inapokaribia utando unaozunguka ndani ya tumbo, mgonjwa huambiwa, "Kaza tumbo," na ukuta ukikaza sindano hupenya bila kuusukuma ndani. Ultrasaundi inasaidia kukwepa mishipa ya damu. Hufuata waya wa kuongoza, vipanuzi vya kupanua njia, kisha mpira. Mpira una vifundo viwili vya kitambaa vya kuushikiza mwilini. Kifundo cha ndani hukaa kwenye msuli, cha nje sentimita 2 hadi 4 kutoka kwenye tundu. Tundu litazame chini au pembeni, na lisishonwe. Asishushwe mezani kabla maji hayajajaribiwa kuingia na kutoka.

Bandeji iachwe kama wiki moja, isipokuwa ikilowa. Mpira ubandikwe usivutike, mizigo asinyanyue. Kwa kawaida tunasubiri wiki 2 ndipo tuanze dayalisisi. Ikilazimu mapema, maji yawe kidogo na mgonjwa awe amelala chali.