Unakwenda kisiwani? Anza kuhesabu siku kutoka ile ya kutua

Nafanya kazi kwenye kliniki ya chanjo za wasafiri, na wateja wa namna hii hawaniishi: tiketi mkononi, hoteli imelipwa, ndege keshokutwa, ndipo wanauliza kama "ile sindano" ya homa ya manjano ipo. Sindano ipo. Kisichokuwepo ni zile siku 10 zinazotakiwa kupita baada ya kuchomwa.

Ndiyo maana kwenye mwongozo huu tutahesabu kutoka siku ya kutua kurudi nyuma. Ukiwa na wiki 6 mkononi, utafanya kila kitu bila jasho. Ukiwa na wiki 2 bado inawezekana. Chini ya hapo kuna vitu ambavyo hata pesa haivipati.

Hatua ya 1: Chora njia nzima, si mwanzo na mwisho tu

Chukua karatasi. Andika unakoanzia, kila uwanja utakaobadilishia ndege, saa utakazokaa hapo, kisha tarehe ya kutua kisiwani. Saa hizo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nchi nyingi za visiwa, Maldivi ikiwemo, hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo na pia kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya namna hiyo. Mtu anaweza kutoka nchi isiyo na homa ya manjano kabisa, akanaswa kwa sababu alinunua tiketi ya bei nafuu yenye mapumziko ya usiku kucha mahali pengine.

Mbona visiwa ndivyo vikali hivi? Kwa sababu mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya manjano, wanaye tele. Ndiye huyo huyo anayewaletea kidingapopo (dengue). Kuni zimeshakauka, kinachokosekana ni kiberiti tu, nao hawataki ushuke nacho wewe.

Masharti yenyewe yasome kwenye tovuti ya uhamiaji au wizara ya afya ya nchi unakokwenda, halafu linganisha na orodha ya nchi moja moja inayotolewa na Shirika la Afya Duniani. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Yeye huenda alipita njia nyingine.

Hatua ya 2: Kadi ya njano (hapa tutakaa kidogo)

Cheti cha homa ya manjano, yaani hiyo kadi ya njano, huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza. Ukichanjwa tarehe 1 Machi, kinaanza kufanya kazi tarehe 11 Machi. Anayekagua haangalii kama umechanjwa, anaangalia kama siku zimetimia. Nilishampokea bwana mmoja na mkewe waliorudishwa kaunta ya ndege wakiwa na kadi mpya kabisa, zenye siku 6. Walikuja kuniuliza kama naweza "kurekebisha tarehe kidogo". Hapana. Tarehe iliyochezewa inafuta cheti chote, na kuanzia hapo unakuwa mtu mwenye nyaraka ya kughushi.

Kama ulishachanjwa zamani, usichomwe tena kwa hofu. Zamani cheti kilikuwa cha miaka 10, lakini kuanzia tarehe 11 Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote ya mwenye kadi, na hilo linahusu hata kadi za kale zilizoandikwa kwamba muda wake umekwisha. Ukiipoteza, rudi kwanza ulikochanjiwa. Rejesta yao ikiwa na jina lako, watakuandikia nyingine yenye tarehe ile ile ya zamani, na siku 10 hazianzi upya.

Kabla hujaondoka kwenye meza ya mchanjaji, simama pale pale ukague kadi. Usione haya, sisi nasi tunachoka na kukosea. Jina liwe sawasawa na la kwenye pasipoti, si jina la nyumbani wala la ndoa ambalo pasipoti hailijui. Tarehe iwe na mwezi ulioandikwa kwa herufi, kwa sababu 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Kuwe na namba ya toleo la chanjo, saini ya mhudumu, mhuri wa kituo, na saini yako mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika kila siku. Kikifutwa kitu au kukatwa kwa kalamu, omba kadi mpya. Kila mtu awe na kadi yake, mtoto pia. Asiyejua kuandika mzazi humsainia.

Si kila mtu anafaa kuchanjwa. Ndani ya chanjo hii kuna kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi kabisa, na kwa kawaida tunasubiri afikishe miezi 9. Mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, mjamzito, na mwenye miaka 60 au zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa, wazungumze na daktari kwanza. Usifiche hali yako ili upate kadi. Daktari akiona hufai, atakuandikia cheti cha msamaha chenye saini na mhuri. Lakini wasiliana mapema na nchi unakokwenda, maana wao wana haki ya kukukataa, au kukuweka karantini hadi siku 6.

Hatua ya 3: Chanjo nyingine na suala la malaria

Chanjo hizi hakuna atakayekuuliza uwanjani. Ni kwa ajili ya tumbo na ini lako. Homa ya ini aina ya A na homa ya matumbo husafiri na chakula na maji, na sindano ya homa ya matumbo ichomwe angalau wiki 2 kabla ya safari. Hakikisha pia pepopunda na surua zimekamilika. Hapa pana mtego: chanjo ya surua nayo ina kirusi hai, hivyo ama uchomwe siku moja na ya homa ya manjano, ama uziachanishe kwa wiki 4. Nani ana wiki 4 za ziada? Ndiyo sababu nasema uje na kadi zako zote siku ya kwanza.

Malaria haiko kila kisiwa. Maldivi ilithibitishwa kuwa haina malaria mwaka 2015, Sri Lanka mwaka 2016, Cabo Verde mwaka 2024. Huko huhitaji vidonge vya kinga. Madagaska na Komoro, unavihitaji. Atovakwoni-proguanili huanza siku 1 au 2 kabla ya kufika na kuendelea siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo, lakini huendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Meflokwini inataka kuanza wiki 2 au 3 kabla, hivyo kwa msafiri wa dakika za mwisho haifai. Kipi kinakufaa aamue daktari, hasa ukiwa na ujauzito au ukiwahi kupata matatizo ya akili.

Kisiwa kisicho na malaria bado kina mbu wa kidingapopo, na huyo huuma mchana. Dawa ya kupaka ni ya saa zote, si ya jioni tu.

Hatua ya 4: Dawa unazotumia kila siku

Dawa unayonunua kwa urahisi nyumbani inaweza kuwa kosa la jinai unakokwenda. Tramadoli, kodeini na diazepamu ndizo zinazoleta matatizo zaidi. Tazama sheria za nchi hiyo, na kama zinadai kibali, kiombe kabla ya safari. Beba dawa kwenye pakiti zake, zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa na kipimo. Zote ziwe kwenye begi la mkononi, insulini hasa, kwa kuwa kwenye shehena inaweza kuganda na kuharibika.

Hatua ya 5: Pasipoti, viza, tiketi ya kurudi

Hapa sina mengi. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele kuanzia tarehe ya kuingia, maana nchi nyingi hudai hivyo, na iwe na kurasa tupu. Kuwe na tiketi ya kutoka kisiwani na uthibitisho wa malazi. "Bila viza" haina maana ya "bila ruhusa": Ushelisheli haidai viza kwa taifa lolote, lakini lazima upate kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya ridhaa ya mwingine.

Hatua ya 6: Fomu ya mtandaoni

Siku hizi visiwa vingi vina fomu ya msafiri inayojazwa siku chache kabla. Ya Maldivi, inayoitwa IMUGA, hujazwa ndani ya saa 96 kabla ya kuingia, na tena kabla ya kutoka. Haina malipo. Ukikuta tovuti inakudai pesa kwa fomu hiyo, ujue umefika kwa walaghai, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kwenye matokeo ya utafutaji kwa sababu wamelipia tangazo.

Sisi wenye majina matatu tunapata shida kwenye kisanduku cha "jina la ukoo". Tazama mistari miwili ya herufi kubwa na alama za < chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Linalotangulia alama << ndilo jina la ukoo kwa mashine, yanayofuata ni ya kwako. Jaza hivyo hivyo kwenye fomu na tiketi. Ukimaliza, hifadhi msimbo wa QR kama picha kwenye simu, kisha uchapishe nakala. Simu huzimika mahali pabaya.

Hatua ya 7: Bima

Soma kama inalipia kusafirishwa kwa ndege kwenda hospitali kubwa, kwa sababu kisiwa kidogo huenda kina zahanati tu. Ukipanga kupiga mbizi, hakikisha imetajwa kwa maandishi, na uache saa 18 kati ya mbizi ya mwisho na ndege ya kurudi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kaunta ya shirika la ndege ndiyo mpaka wako wa kwanza. Ukikataliwa kisiwani, wao ndio watakaobeba jukumu la kukurudisha, hivyo watakagua kuliko hata uhamiaji. Kadi ya njano ibane ndani ya pasipoti, isiwe kwenye sanduku lililokwisha kupokelewa.

Na ukipata homa ukiwa huko, au ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umtajie daktari kila nchi uliyopita. Daktari wa kisiwa kisicho na malaria anaweza kukaa miaka bila kumwona mgonjwa wa malaria. Usipomwambia kwamba umetoka kwenye malaria, atakupima kidingapopo na kukurudisha hotelini.