Kuliandaa gari la teksi kwa ukaguzi na leseni Dodoma

Wengi wanaoingia kwenye teksi Dodoma huanza na kijiwe. Wanatafuta nafasi karibu na stendi kuu ya Nanenane au stesheni ya treni ya SGR, wanaosha gari, ndipo wanauliza karatasi. Anza na karatasi, na kabla ya karatasi anza na gari. Bima inafuata kadi ya gari, ukaguzi unafuata hali ya gari, na leseni ya usafirishaji inadai vyote hivyo kwa pamoja. Kosa la herufi moja kwenye kadi litakurudisha mwanzo, huku gari limeegeshwa uani na tajiri, yaani mwenye gari, anasubiri hesabu yake.

Kila ofisi ina kazi yake, na kuzichanganya kunapoteza siku nzima. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wanashughulikia usajili, umiliki, TIN (namba ya mlipakodi) na kodi. Mkaguzi wa magari wa Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, ndiye anayesema kama gari linafaa kubeba watu. LATRA, iliyochukua kazi za usafiri wa nchi kavu kutoka SUMATRA mwaka 2019, inatoa leseni ya usafirishaji. Halmashauri ya Jiji ina sheria ndogo zake, na hiyo ndiyo ya kuulizwa kuhusu maegesho na vijiwe. Kibali cha kijiwe hakikupi haki ya kubeba abiria, na leseni ya LATRA haikupi haki ya kuegesha popote utakapo. Aliyekosa leseni anabaki teksi bubu hata kama kijiwe kizima kinamfahamu.

Kadi na namba

Shika kadi ya gari mkononi, fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani, IST ikiwemo, namba ya chesisi imegongwa kwenye bati la ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kwa vumbi letu hapa, mara nyingi haisomeki. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usiguse msasa wala brashi ya waya: mikwaruzo juu ya namba humfanya mkaguzi aone kwamba imechezewa, na hapo utaulizwa maswali ambayo usafi haukustahili. Soma herufi moja moja ukilinganisha na kadi. Herufi B na tarakimu 8, S na 5, O na 0 ndizo zinazokosewa zaidi. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini na rangi ya gari. Gari lililobadilishwa injini au kupakwa rangi nyingine bila kadi kurekebishwa litakwama.

Halafu angalia matumizi. Gari binafsi lina kibao cha njano, gari la biashara lina kibao cheupe. Ukinunua IST ya mtu aliyekuwa akienda nayo kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kadi inasema ni ya binafsi. Hamisha umiliki na ubadilishe matumizi TRA kabla hujagusa kitu kingine. Jina la mwenye gari liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na TIN, majina yote matatu, kwa mpangilio uleule.

Bima ndogo inatosha kisheria, lakini iwe ya gari la kubeba abiria kwa malipo. Kuna wanaokata bima ya gari binafsi kwa sababu ni nafuu. Siku ya ajali kampuni itauliza gari lilikuwa linafanya nini, na abiria aliyeumia atabaki mikononi mwako. Ukipewa stika, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, palepale dukani kwa wakala, kabla hujaondoka.

Kulikagua mwenyewe

Fanya ukaguzi huu wiki moja kabla ya kwenda polisi. Ukiufanya jioni ya kuamkia siku hiyo, fundi atakufungia vipuri kwa haraka na utashindwa asubuhi.

Anza na tairi. Kina cha kashata, yaani mifereji ya tairi, kisipungue milimita 1.6, chini ya hapo tairi haitoi maji, na mvua zetu zikianza Desemba lami inakuwa na utelezi wa vumbi na mafuta yaliyokusanyika tangu Mei. Pima katikati na kingo zote mbili. Tairi iliyolika upande wa ndani tu inakuambia alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imepotea au bushi zimekufa, na kuibadilisha bila kutibu chanzo ni kuchoma pesa. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba huonekana nene lakini mpira umekauka. Kunja ubavu kwa kidole gumba na utaona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Jua la Dodoma linazimaliza tairi za namna hiyo haraka. Miiba ya migunga kwenye barabara za vumbi za pembezoni nayo huacha matundu madogo, kwa hiyo pima upepo tairi zikiwa baridi na ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Spea tairi inapimwa pia. Wengi huibeba ikiwa haina upepo.

Breki zinahitaji majaribio matatu, na hakuna linalotaka kifaa. La kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedo mara tano hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedo ishuke kidogo. Isiposhuka, buster (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) au mpira wake wa hewa una tatizo. La pili: injini ikiwa inaunguruma, kanyaga na ushikilie kwa nusu dakika. Ikizidi kuzama taratibu bila mafuta kuvuja nje, masta silinda inavuja ndani. La tatu: peleka gari kwenye mwinuko, vuta hendibreki, weka gia huru, ondoa mguu. Gari lisisogee. Hendibreki ndiyo inayoangusha teksi nyingi, kwa sababu dereva wa mjini anazoea kuegesha kwenye gia au kwenye P, waya unalegea bila yeye kujua.

Pedi za mbele zikibaki milimita 3, badilisha. Nyuma, IST na ndugu zake zina dramu, na ndani ya dramu hukusanyika vumbi laini linalofanya breki zilie na kushika upande mmoja. Mwambie fundi alifute kwa kitambaa chenye maji. Asilipulize kwa kompresa, maana vumbi la breki ni sumu kwenye mapafu yake na ya aliyesimama jirani. Mafuta ya breki yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi yamezeeka, na huenda yamevuta maji. Yabadilishwe yote, kwani kuongezea juu hakusaidii.

Stelingi: tairi zikiwa zimenyooka, chezesha usukani kwa vidole viwili. Ukisogea zaidi ya milimita 30 kwenye ukingo kabla tairi hazijaitika, kuna kitu kimelegea. Nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki na uweke stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi kulia na kushoto, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, utikise: mchezo hapo ni tairodi, fimbo inayounganisha stelingi na gurudumu. Shika juu na chini: mchezo hapo ni bol jointi au beringi. Mtu wa pili akikanyaga breki na mchezo ukaisha, ni beringi.

Taa, honi na indiketa zote ziwake, pamoja na ya kuangazia namba nyuma, ambayo husahaulika. Taa kubwa zipangwe: egesha mita 5 kutoka ukutani jioni, washa taa za chini, weka alama ya usawa wa katikati ya taa. Mwanga uishie kama sentimita 5 chini ya alama hiyo. Ukiwa juu, unawapofusha wenzako kwenye barabara ya Singida usiku. Waipa hukaa miezi saba bila kazi na mpira wake unakauka kwa jua; mwagia kioo maji uzijaribu.

Mikanda ya siti ya nyuma ichomolewe chini ya siti ilikozamishwa. Vuta kwa nguvu ghafla, ni lazima ikamate. Ikirudi kwa uvivu, ina vumbi: ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, ikauke kivulini ikiwa imevutwa yote. Hakuna sababu ya abiria wa nyuma kukosa kinga aliyonayo dereva. Buti liwe na pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake uko kwenye kijani, sanduku la huduma ya kwanza, jeki na spana ya magurudumu.

Dereva na leseni

Dereva anatakiwa leseni ya udereva ya daraja C, fungu linalolingana na idadi ya abiria. Daraja B halitoshi hata kama amesukuma gari miaka ishirini. Daraja C linataka cheti cha mafunzo ya magari ya abiria, kama yanayotolewa na NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), hivyo mwenye haraka aanze hapo mapema. Mwenye gari na dereva waandikiane mkataba: hesabu ni kiasi gani, nani analipa sevisi, nani analipa faini. Hesabu ikiwa kubwa kuliko barabara inavyolipa, dereva ataendesha na pedi zilizoisha, na huyo si dereva mbaya.

Ripoti ya ukaguzi ikipatikana, maombi ya leseni yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa LATRA. Piga picha au skani kadi, bima, ripoti na kitambulisho, zisomeke mpaka pembeni. Ukipewa namba ya malipo ya serikali, lipa kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu. Anayekuomba umtumie kwenye namba yake binafsi ili akusaidie hakusaidii. Kabla ya kwenda kwa mpiga rangi, uliza LATRA na Jiji alama na maandishi yanayotakiwa.

Kwenye kijiwe, uliza ofisi ya Jiji kama eneo hilo limetengwa kwa teksi. Kiingilio cha wenzako wa kijiwe ni makubaliano yenu, ushuru wa Jiji ni kitu kingine na una risiti ya mashine.

Karatasi zote ziweke kwenye bahasha ndani ya dashibodi, na juu ya bahasha andika kwa kalamu nene tarehe tatu: bima inaisha lini, leseni ya usafirishaji inaisha lini, leseni ya dereva inaisha lini. Anza kuhuisha mwezi mmoja kabla ya iliyo karibu zaidi.