Namna ya kusimbua na kusahihisha makosa ya faiba: kutoka vizibo saba vya soda hadi laini ya Mtwara na Lindi

Fundi anayesimamia laini ya faiba kati ya Mtwara na Lindi, ambako barabara ina takribani kilomita 110, anajua kwamba mwanga hupoteza karibu desibeli 0.2 katika kila kilomita, hivyo desibeli 22 hivi huishia njiani hata kabla hajahesabu maungio na konekta. Kinachofika upande wa pili ni mwanga hafifu uliochanganyika na kelele. Katika laini ya gigabiti 100 kwa sekunde, biti moja tu ikikosewa katika kila 1,000, kisimbuzi, yaani sehemu ya kipokezi inayosoma na kusahihisha biti, hupokea makosa milioni 100 kila sekunde, na wajibu wake ni kuyaondoa yote bila kuomba chochote kitumwe upya.

Kazi hiyo hueleweka vizuri zaidi ukiifanya kwanza kwa mkono. Panga vizibo saba vya soda katika mstari mmoja mezani. Kilicholala chali ni 1 na kilicholala kifudifudi ni 0. Nafasi ya 3, 5, 6 na 7 hubeba data, nazo nafasi ya 1, 2 na 4 hubeba biti za ulinzi. Kwa kanuni aliyoichapisha mwanahisabati Richard Hamming mwaka 1950, kundi la nafasi 1, 3, 5 na 7 lazima liwe na idadi shufwa ya 1, vivyo hivyo kundi la 2, 3, 6 na 7, na kundi la 4, 5, 6 na 7. Data 1011 basi hutumwa kama 0110011.

Sasa geuza kizibo cha sita, upate 0110001, kisha ujifanye hujui ulichogeuza. Kundi la kwanza ni shufwa, kwa hiyo halina neno. Kundi la pili ni witiri, andika 2. Kundi la tatu nalo ni witiri, andika 4. Jumlisha, upate 6: ndicho kizibo kilichokosewa, nawe ukigeuze kirudi kilivyokuwa.

Geuza na cha tatu pamoja na cha sita, upate 0100001. Hesabu zitakupa 1 na 4, yaani nafasi ya 5, nawe utageuza kizibo kisicho na kosa lolote, makundi yote matatu yatakaa shufwa, na kisimbuzi kitaridhika kabisa na jibu lenye makosa matatu. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaponza mafundi wengi: msimbo, yaani kanuni ya ulinzi kama hii, uliozidiwa hauna lazima ya kupiga kelele.

Dawa mojawapo ni kutokata shauri mapema. Kipokezi kinapopima mwanga hujua pia ni biti gani iliyofika kwa mashaka. Tuseme kizibo cha tatu ndicho kilichokuwa na mashaka kuliko vyote. Jaribu kukigeuza kwanza, kisha urudie hesabu. Utapata 2 na 4, yaani 6, na ujumbe wote utapona. Linganisha jibu hili na lile la awali, ukichagua linalohitaji kugeuza biti zenye mashaka badala ya zile zilizofika waziwazi. David Chase alieleza njia ya namna hii mwaka 1972, nayo ndiyo roho ya usimbuaji laini (soft-decision), yaani unaozingatia mashaka ya kila biti, unaotumika leo katika moduli, vifaa vya kutuma na kupokea mwanga, za masafa marefu.

Mitambo ya zamani kidogo hutumia msimbo wa Reed-Solomon wenye baiti 239 za data na 16 za ulinzi, ambao husahihisha hadi baiti 8 popote zilipo. Misimbo 16 ya aina hiyo husukwa pamoja kama ukili, baiti moja moja kwa zamu, ili pigo lililoharibu hata baiti 128 mfululizo ligawanyike, kila msimbo ubebe 8 tu.

Ukiwa kwenye mtambo wenyewe, soma namba mbili: uwiano wa makosa kabla ya kusahihishwa, na idadi ya vipande vya data vilivyoshindikana kusahihishwa. Namba ya pili ikiwa sifuri haikuambii lolote kuhusu kesho. Ya kwanza ndiyo ya kuandika daftarini kila juma, ukiilinganisha na mpaka wa msimbo wako: kwa Reed-Solomon niliyoitaja ni kama biti 1 katika 12,000, na kwa moduli za 400ZR, zile za kiwango cha gigabiti 400 kwa sekunde, ni biti 1 katika 80. Chini ya mpaka huo wateja hawahisi chochote. Ukivukwa kidogo tu, laini huanguka ghafla. Nimewahi kusimamia laini ambayo makosa yake yalipanda polepole tangu mvua za masika zianze, na kwa kuwa hakuna aliyelalamika, tulijifariji hadi ilipozimika.

Namba ikianza kupanda, pima kwanza nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwani mwanga uliopungua na mwanga uliozidi vyote huleta makosa. Kisha zima leza, kagua konekta kwa darubini yake na uisafishe. Usiichungulie kwa macho, kwa sababu mwanga wa nanomita 1550 hauonekani lakini hudhuru. Kama nguvu bado iko chini, ndipo upime faiba kilomita kwa kilomita kutafuta ungio lililoingia maji au kebo iliyobanwa. Baada ya matengenezo, andika uwiano mpya pamoja na tarehe, maana vipimo vya juma lijalo utavilinganisha na huo, wala si ule wa siku laini ilipofunguliwa.