Nianike au nianue? Namna ninavyosoma mawingu msimu wa karafuu

Mie ni mwanika karafuu wa Wete, Pemba. Si mtaalamu wa hali ya hewa. Lakini karafuu inataka jua la siku nne au tano, na ikirowa ikiwa nusu kavu kisha ukairundika, hupata joto, hupauka, ikawa mpeta. Ukipeleka mpeta kwenye kituo cha kununulia karafuu utajua mwenyewe utakavyotizamwa. Kwa hiyo karafuu zikikutana na vuli, Oktoba hadi Disemba, suali langu la kila asubuhi ni moja: leo nitandike majamvi mangapi?

Kazi inaanza usiku wa kuamkia, kwa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sikiliza maneno yenyewe, usingoje tu kusikia "mvua". Wakisema "mvua katika maeneo machache", hapo wanasema juu ya ukanda mzima: Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Unguja na sisi Pemba. Inaweza ikanyesha Tanga wewe ukaota jua. Wakisema "baadhi ya maeneo", mie natandika nusu. Likitoka angalizo la mvua kubwa, sitandiki kitu, hata kukicha kweupe. Mvua kubwa kwao ni ile ya kuzidi milimita 50 kwa saa 24, na hiyo haina mjadala na jamvi.

Simu nayo naitizama, ila kwa adabu. Mwaka juzi programu ilinichorea jua kamili, nikatandika yote na kwenda zangu mazikoni. Niliporudi, karafuu zinaelea kwenye mfereji. Baadaye ndio nikaelewa: hesabu za zile programu hugawa dunia kwa miraba mikubwa, na kisiwa chetu, chenye urefu wa kilomita kama 67, kinaenea kwenye miraba michache tu. Na ikiandika asilimia 40, maana yake siku kumi zinazofanana na hii, nne mvua hupiga. Si kidogo hiyo.

Asubuhi sasa, kabla ya chai, natoka uani. Kwanza naangalia upepo unatoka wapi, maana wingu litakalonirowesha liko upande huo. Lililokwishapita juu ya kichwa halinihusu. Kusi likivuma, natizama kusini mashariki. Kaskazi, natizama kaskazini mashariki.

Mawingu membamba ya juu kabisa, kama manyoya ya kuku yaliyochambuliwa (wataalamu huyaita sirasi), ni ya barafu na hayamwagi tone hapa chini. Yaache. Utando wa kijivu uliofunga mbingu yote nao hauna ghadhabu: utakupa manyunyu, na hasara yake ni siku nzima bila kukausha. Siku hiyo nachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, barazani.

Linalotaka macho ni wingu la pamba, kumulasi. Tako lake bapa, kichwa chake mviringo. Asubuhi ni zuri tu. Chagua moja, liweke sawa na ncha ya mnazi, subiri dakika kumi, utizame tena. Likiwa pana kuliko refu, tandika. Likiwa refu kuliko pana na bado saa nne haijafika, kuna jambo. Tizama kichwa chake: kingo zikiwa kali, zimefumba kama koliflawa, bado linakua. Kingo zikianza kufifia na kuchanika kama moshi, kule juu limeshakuwa barafu, na huko chini kwake mvua kwa kawaida imeshaanza. Hilo sasa ndilo kumulonimbasi, lenye radi, ambalo kichwa chake hufika kilomita zaidi ya 12 juu na kutanuka kama fuawe la mhunzi.

Ukiona umeme usiku upande wa bara bila kusikia ngurumo, lala. Uko mbali. Ukisikia ngurumo, hesabu sekunde tangu mwako. Kila tatu ni kilomita moja.

Kisha kuna upepo wa baridi. Joto limekukaba tangu asubuhi, jasho halikauki, ghafla upepo unageuka na kukupiga usoni kama umefungua friji. Hiyo ni hewa inayoporomoka kutoka ndani ya mvua yenyewe. Hapo usitizame tena juu, kimbilia majamvi! Dakika chache baadaye utaisikia inavyokuja juu ya majani ya mikarafuu, kama watu wengi wanaburura makuti.

Mie nina shemeji yangu Kangagani, mashariki yetu. Siku za kusi namuuliza yeye. Siku za kaskazi nampigia mjomba Micheweni. Wakisema "huku imeshashuka", nina kama nusu saa. Nakunja jamvi kutoka pembe nne kuja katikati ili karafuu zikae tuta, natia turubai juu, na mawe kwenye pindo la upande wa upepo. Mvua ikianuka tu, turubai linatoka hapohapo kabla jua halijalichoma, kwa sababu karafuu zikitoka jasho chini ya nailoni, mpeta huo utakuwa umejitengenezea mwenyewe.